Mama hasemi tangu apate kiharusi, lakini qasida anaisoma yote. Wataalamu wanasemaje?

BintiNgamiani (Tanga)

Assalaam aleykum na habari zenu wote. Naomba msaada kwa mwenye elimu ya jambo hili, au aliyewahi kuuguza mtu wa namna hii.

Mama yangu alipata kiharusi wiki chache kabla ya Ramadhani. Kilimpiga upande wa kulia. Mguu umeanza kurudi, anatembea ukumbini huku amenishika bega, ila mkono bado umelegea. Kilichotuumiza kuliko vyote ni ulimi. Mama amekuwa mtu wa maneno maisha yake yote. Kauza khanga na vitenge sokoni. Ulikuwa ukipita kuuliza bei tu unaondoka umebeba doti. Na ndiye anayeongoza kikundi cha qasida cha kina mama hapa mtaani, maulidi haianzi hajafika. Leo mama huyo huyo akitaka maji anasema "kesho". Akitaka chai, "kesho". Akiumwa bega, "kesho, kesho". Anajua kabisa kwamba silo neno alilolikusudia. Anajipiga paja kwa mkono wa kushoto, anatikisa kichwa, machozi yanamlenga. Na akili yake ipo. Ukimwambia wifi yake yuko njiani anavuta mtandio ajiweke sawa. Ukimwambia wali umeungua anakunja uso kama zamani.

Ijumaa iliyopita wenzake wa kikundi walikuja kumjulia hali. Wakakaa mkekani, wakaanza kumsomea qasida kwa sauti ya chini. Beti ya kwanza mama aliwatazama tu. Ya pili akaingia. Jamani, aliingia na maneno! Hakuwa anaguna wala kufuatisha sauti. Ni maneno yenyewe, Kiarabu kwa Kiswahili, matamshi yametulia, mpaka kwenye kiitikio ambacho yeye ana namna yake ya kukivuta. Walipomaliza nikamsogelea nikamuuliza, "Mama, unataka maji?" Akafungua kinywa: "Kesho."

Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Wengine wanasema ni miujiza tushukuru. Mjomba anasema huyu kafungwa ulimi, mtu wa kiharusi hawezi kuimba, twende kwa mganga. Hospitali tulikopimwa waliniambia niendelee na dawa za presha, usemi utarudi wenyewe taratibu. Nilipouliza kama kuna mtaalamu wa usemi wakasema hapo hawana. Na kuna ndugu kila siku ananitumia kwenye simu sauti za "mawimbi ya uponyaji", hezi 528, hezi 432, na yupo anayeuza faili zake kwa pesa.

Nauliza: mtu anawezaje kuimba maneno ambayo hawezi kuyasema? Je, wamelichunguza jambo hili, na mimi nyumbani naweza kulitumia kumrudishia mama maneno yake? Na redio nimwachie iimbe kutwa, au nimchoshe bure?

---

BiMvita_Usemi (Mombasa)

Wa aleykum salaam, dadangu. Pole sana, na mpe pole mama. Kazi yangu ndiyo hii, kuwafunza watu kusema upya baada ya ubongo kuumia, kwa hivyo nitakuandikia kwa urefu kidogo. Tafadhali msomee mjomba pia.

Alilo nalo mamako linaitwa afasia, yaani kupotewa na maneno kwa sababu ya ubongo kuumia. Kiharusi kilichompooza upande wa kulia kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa sababu kila nusu ya ubongo inaongoza nusu ya mwili iliyo ng'ambo yake. Na kwa watu wengi mno, upande huo wa kushoto ndio wenye mitambo ya kutunga maneno. Mwaka 1861 kule Paris daktari Paul Broca alimwona mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibu kila kitu kwa neno moja, "tan". Wenzake wa hospitali walikuwa wakimwita Tan. Alikuwa akielewa, akihesabu kwa vidole, akikasirika asipoeleweka, lakini neno lilikuwa hilo tu. Alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya ubongo, kushoto. "Kesho" ya mamako ni "tan" ya mtu huyo. Hakuna aliyemfunga ulimi. Ulimi wenyewe ni mzima, si umeusikia ukisoma qasida?

Na hilo la kuimba nalo ni la zamani kuliko Broca. Mwaka 1745 Msweden mmoja, Olof Dalin, aliandika habari za kijana aliyepooza upande wa kulia wote na kupoteza usemi kabisa, lakini kanisani akiimba tenzi alizozijua kabla ya kuugua kwa uwazi sawa na mtu mzima wa afya. Akisaidiwa mwanzo tu, alikuwa akienda nao. Sala alizozihifadhi akizisoma pia, kwa sauti ya juu na kwa mdundo. Huyo Mkristo wa Sweden, mamako Mwislamu wa Tanga, zaidi ya miaka 270 katikati, na jambo ni lile lile.

Jaribu hili leo, kwa upole. Mwamkie "shikamoo, mama" kwa kasi ya kawaida, bila kumkazia macho kama unamtahini. Huenda "marahaba" ikamtoka safi. Anza Alhamdu, mwache aendelee. Anza kuhesabu moja, mbili, tatu, unyamaze. Daktari Mwingereza wa karne ya 19, John Hughlings Jackson, aliligundua hili kwa wagonjwa wake: maneno yaliyozoeleka mno, salamu, sala, hesabu ya vidole, hata viapo na matusi, hubaki pale ambapo maneno ya kutunga yamepotea. Kusema "nataka maji" ni kutunga: uwaze unachotaka, uchague neno, ulipange, ulitamke. "Marahaba" haitungwi, inaitikia. Na qasida aliyoiongoza kwa miaka iko kwenye fungu hilo hilo, tena imeshikwa na mdundo, na mahadhi, na sauti za wenzake. Barabara kuu imekatika kwa mafuriko, ndugu yangu, lakini ile njia ya mashambani bado inapitika.

Sasa umeuliza kama inaweza kutumika. Mwaka 1973 huko Boston, Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walichapisha tiba waliyoijenga juu ya jambo hili. Hawakumwimbisha mgonjwa nyimbo alizozijua. Walichukua maneno ya kila siku, mafupi, wakayatia mahadhi ya noti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini, na kwa kila silabi wakawa wanaugongesha mkono wa kushoto wa mgonjwa mezani. Wakiimba pamoja naye, halafu mtibu ananyamaza katikati, halafu mgonjwa anaimba peke yake, halafu anaulizwa swali na kujibu kwa kuimba, na mwisho mahadhi yanapunguzwa mpaka inabaki sauti ya kusema. Gabrielle Giffords, yule mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa Januari 2011, kuimba kulikuwa sehemu ya matibabu yaliyomrudishia maneno.

Nisikufiche kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu kinachotibu hasa. Gottfried Schlaug na wenzake huko Boston waliwapima ubongo wagonjwa sita kabla na baada ya tiba hii ndefu, wakaona nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo upande wa kulia zimeongezeka, kana kwamba upande mzima umejifunza kazi ya upande ulioumia. Lakini mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake huko Ujerumani waliwajaribu wagonjwa 17 wa afasia: waimbe, au waseme kwa mdundo bila mahadhi. Kuimba hakukushinda. Kilichosaidia kilikuwa mdundo, pamoja na kule kuyajua maneno tangu zamani. Mimi kwa niliowaona nalala upande wa Stahl zaidi, na kwangu ni habari njema, maana haihitaji sauti nzuri wala kinanda. Inahitaji mkono unaogonga sawasawa na mtu wa kukaa naye.

Uholanzi walifanya jaribio la wagonjwa 27 wakalichapisha mwaka 2014. Waliopewa tiba hii mapema, miezi michache baada ya kiharusi, kwa saa tano kila wiki kwa wiki sita, walirudia maneno vizuri kuliko wenzao. Kwa wale ambao kiharusi chao kilikuwa cha zamani, waliojaribiwa baadaye, matokeo yalikuwa hafifu. Kwa hivyo usingoje "urudi wenyewe". Anzeni sasa.

Nyumbani fanya hivi. Chagua maneno mawili matatu ambayo *yeye* anayahitaji, si unayoyapenda wewe. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu mkazo wetu karibu daima unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho; hiyo ndiyo ya juu, nyingine zote chini. "Na-TA-ka MA-ji": chini, juu, chini, juu, chini. "Si-TA-ki." "Ni-me-CHO-ka." Kaa mbele yake, uso kwa uso, aone midomo yako. Shika mkono wake wa kushoto, ugongeshe mezani au pajani, pigo moja kwa silabi moja, polepole, karibu silabi moja kwa sekunde. Kwanza mgune tu mahadhi bila maneno. Kisha muimbe pamoja. Kisha ufifie katikati, "na-ta-ka…", mwache amalizie. Akimaliza, muulize: "Unataka nini, mama?" na mkono unaendelea kugonga. Akijibu, maji yawe hapo hapo mezani, apewe. Hili la mwisho watu hulisahau, na mtu wa makamo yake anachoka upesi kusemeshwa maneno ambayo hayamletei kitu.

Usimgeuze tamasha. Wageni wakija wasiambiwe "hebu msikieni anavyoimba". Anaelewa kila kitu.

---

Mkerewe_Mza (Mwanza)

Dada pole sana. Mimi si mtaalamu, nimemuuguza baba mdogo. Yeye usemi alibaki nao, kilichomsumbua ni mguu. Alikuwa akitembea hatua ndefu ya mguu mzima halafu anauburuza ule mwingine, anasimama, anaanza upya.

Yule kijana wa mazoezi ya viungo alikuwa akigonga kalamu kwenye fremu ya dirisha, ta, ta, ta, ta, na kumwambia "kanyaga kwenye mlio". Nilidhani ni mazoea yake tu. Lakini nikiwa nimekaa pale kwenye benchi niliona kwa macho yangu: kalamu ikigonga, hatua zinalingana, akisimamisha kalamu, baada ya hatua chache kuburuza kunarudi. Baba mdogo mwenyewe hakuwa anaona tofauti, alisema anatembea tu. Nikamuuliza kijana, akaniambia hiyo imefanyiwa utafiti na mtu anaitwa Michael Thaut, huko Colorado, miaka ya 1990, kwa wagonjwa wa kiharusi na wa Pakinsoni (ugonjwa wa kutetemeka). Akaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayosikia imeungana kwa karibu na inayoendesha misuli, kwa hiyo mlio ukiwa wa kulingana, mguu unajua mapema hatua inayofuata inaangukia wapi.

Nyumbani tulitumia ngoma ndogo ya mtoto. Angalizo moja: mdundo uanzie kwenye mwendo wake mwenyewe, hesabu hatua zake kwanza. Shemeji yangu alitaka kuharakisha ili apone upesi, baba mdogo akakosa hatua, nusura aanguke. Na awepo wa kumshika kiunoni kila mara, khanga iliyofungwa vizuri inafaa kushikia.

---

Mtulivu528

Dada, nisome bila kunichukia, maana nahisi watakuja kunishambulia. Mimi sauti za hezi 528 na 432 zimenisaidia. Baada ya kufiwa na mume wangu nilikosa usingizi, usiku naweka zile sauti, taratibu, hazina maneno, nikawa napitiwa. Siuzi kitu. Ninachosema ni kwamba mwili ni mitetemo, na wengi duniani wanashuhudia. Kwa nini mama asijaribiwe?

---

FundiSauti_Temeke (Dar)

Bi Mtulivu, pole kwa msiba, na sitakushambulia. Usingizi ulioupata ni wa kweli. Sauti ya taratibu, ya chini, isiyokushtua, kweli inamtuliza mtu. Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walipima mwaka 2006 watu 24, wakaona muziki wa kasi unapandisha pumzi, mapigo ya moyo na presha, na wa taratibu unashusha. Kilichowashangaza ni kwamba dakika mbili za kimya walizoweka katikati ya nyimbo ziliwatuliza watu kuliko hata kabla muziki haujaanza. Kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeonyesha mwaka 2001 kwamba kusoma rozari kwa Kilatini, sawa na kusoma mantra za Wahindi (maneno ya ibada yanayorudiwa-rudiwa), kunashusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na moyo na presha vinafuata. Nani alikuwa akipima hezi kwenye rozari? Ni mwendo wa pumzi unaotuliza.

Namba ndizo ninazozikataa, na hapo naomba nieleweke kwa sababu ndiyo kazi yangu, nimefunga mitambo ya harusi, misikiti na makanisa. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, basi. Noti ya A ikitetema mara 440 kwa sekunde ndiyo kipimo ambacho mafundi walikubaliana kwenye mkutano wa London mwaka 1939, na shirika la viwango la kimataifa likakiandika mwaka 1955, ili ala zinazotoka viwanda tofauti zilingane. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na yake. Kutoka 440 kushuka 432 ni tofauti ya karibu theluthi moja ya nusutoni. Chukua kinanda, bonyeza kitufe cheupe na cheusi kinachofuata, halafu gawa umbali huo kwa tatu. Hiyo ndiyo siri inayouzwa.

Na sasa fikirieni kina mama wa qasida. Wanaimba bila ala, labda dufu tu. Anayeanzisha anaanzia pale koo lake lilipo siku hiyo, akiwa na mafua chini, akiwa mzima juu, na katikati ya wimbo wote wanapanda bila kujua. Hakuna 432 wala 440 humo. Mama huyu akaingia beti ya pili akasoma mpaka mwisho! Dada BintiNgamiani, ulichonacho nyumbani kinazidi faili yoyote ya simu. Usitoe pesa.

Nyongeza kuhusu redio, kwa kuwa watu wanampenda mgonjwa halafu wanamfungulia spika ya sherehe kitandani. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kikomo cha kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda salama unapungua nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Spika ya harusi inafika 100 bila jasho, na hapo ni dakika 15. Vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Kwa mama, kama mkiongea sauti ya kawaida hamsikilizani, redio iko juu mno.

---

BiMvita_Usemi (Mombasa)

Fundi umesema vyema. Nimalizie la redio kwa upande wa ubongo. Teppo Särkämö na wenzake huko Helsinki walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa wagonjwa 60 wa kiharusi kipya, 54 wakaufikisha mwisho. Kundi moja lilisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili. Jingine likasikiliza vitabu vya kusomwa. La tatu halikupewa kitu. Matibabu mengine yote yalikuwa sawa. Miezi mitatu baada ya kiharusi, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 kwa wa muziki, 18 kwa wa vitabu, 29 kwa wasiopewa kitu. Na wa muziki walikuwa na huzuni kidogo kuliko wasiopewa kitu.

Muziki *waliouchagua wenyewe*, dadangu. Kwa hivyo si redio ya kutwa yenye matangazo na mpira. Mletee taarab anayoipenda, kaswida za kikundi chake mkizirekodi kwa simu, umwonyeshe kwa kidole achague. Saa moja asubuhi, kisha zima, nyumba itulie. Huzuni usiidharau. Waliopoteza usemi wengi huzama, na mwenye kuzama hana nguvu ya mazoezi.

---

BintiNgamiani (Tanga)

Allah awalipe. Nimesoma yote kwa mjomba, mara ya pili alinitaka nirudie ile sehemu ya Msweden. Habari ya mganga hajaitaja tena.

Nieleze tulipofika. "Shikamoo, mama", akajibu "marahaba" kabla sijamaliza, kisha akashtuka mwenyewe, akacheka. Hesabu alifika kumi. "Nataka maji" tumeianza sebuleni, glasi mezani, nimemshika mkono wa kushoto. Kuguna anaguna vizuri, tena ananirekebisha mimi nikishusha pasipostahili, ananiminya kidole! Tukiimba pamoja maneno yanatoka yote. Nikififia, anakwenda "na-ta-ka…", anakaza midomo kwa ajili ya "ma", halafu: "kesho". Anakasirika, anauvuta mkono. Jana lakini, mara moja, ilitoka "nataka ma", glasi nikampa, akanywa ananitazama juu ya ukingo wa glasi.

Hiyo kesho niifanyeje? Naikosoa au naiacha? Na je, wale kina mama wa kikundi wanaweza kushiriki, maana wananiuliza?

---

BiMvita_Usemi (Mombasa)

Mashallah. Huko kukuminya kidole ndiko kunakonifurahisha zaidi, maana anasikia kosa la mahadhi na kulirekebisha. Mwalimu bado yuko kazini.

"Kesho" usiikosoe, wala usiirudie, wala usiseme "hapana". Ikitoka, simamisha mkono, nyamaza kidogo, vuta pumzi naye, kisha rudini kwenye kuguna, muanze upya kutoka hatua ya kuimba pamoja. Ikitoka mara mbili mfululizo, achaneni na sentensi hiyo kwa kikao hicho, muingie kwenye kitu anachokiweza, Alhamdu au kiitikio, amalize na ushindi. Midomo ikikazana kwenye "ma", wewe itengeneze "m" bila sauti mbele yake, aione. Mara nyingi hiyo inatosha kumvusha. Vikao vifupi, dakika kumi na tano au ishirini, mara mbili au tatu kwa siku, vina faida kuliko saa nzima ya kumchosha.

Kina mama wa kikundi, ndiyo, waje. Lakini wawili tu wa kudumu, wanaokaa karibu, wafundishwe hasa: silabi ipi juu, kugonga mkono gani, kufifia lini. Waje baada ya Alasiri mnapokuwa mmepumzika. Wote watumie mahadhi yale yale kwa sentensi ile ile, kila mmoja asilete yake. Andika kwenye daftari "nataka maji" na mistari ya juu na chini, ibandike ukutani. "Nataka maji" ikisimama, yaani ameijibu mwenyewe siku kadhaa bila wewe kuimba, anza kuipunguzia mahadhi: kwanza mnaimba nusu-nusu kama mtu anayesoma shairi, mwishowe mnasema tu huku mkono ukigonga. Mkono auendeleze hata mahadhi yakiisha. Ninao wagonjwa wanaojigonga pajani chini ya meza mpaka leo, na wanasema wanachotaka.

Si kila mtu anarudi mahali alipokuwa. Mamako anaelewa vizuri, anarekebisha, ana hamu, na mmeanza mapema. Hizo ndizo dalili tunazozitafuta. Presha isimamiwe kila siku, dawa zisikosekane. Akipata udhaifu mpya, au uso kupinda, au usemi kupungua ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kikao cha mazoezi.

Sentensi ya pili ninapendekeza iwe "bega linauma", kwa sababu ulituambia anaumwa bega na hana la kukuambia ila kesho. "BE-ga li-na-U-ma." Na bega lenyewe lionyeshwe kwa mtu wa mazoezi ya viungo upesi. Mkono uliolegea ukiachwa kuning'inia, uzito wake unalivuta bega litoke mahali pake. Akikaa, uwekewe mto chini ya kiwiko, na mwambieni kila anayemwinua kitandani asimvute kwa mkono huo.